Tupime Kabla ya Kushuku: Hesabu ya Moto wa Jikoni



Wiki hii twawaletea kisa kilichotufikia kwa barua kutoka Chaani, hapa hapa Changamwe. Aliyetuandikia ni mke wa nyumba, mama wa watoto wanne, anayeishi pamoja na mavyaa wake. Jina lake twalisitiri kama alivyotuomba. Alieleza kwamba mtungi wa gesi wa kilo sita hauwafikishi mwisho wa mwezi. Huisha siku ya kumi na nane. Mavyaa wake, aliyepika kwa makaa miaka na miaka, husema mbele ya wageni kuwa yeye gunia moja lilimtosha mwezi mzima, na kwamba mkaza mwanawe achezea moto. Mume, aliye baina ya mama na mke, alinyamaza kwa muda mrefu. Mwezi uliopita akaanza kuuliza ni nani anayepikiwa mchana yeye akiwa kazini.

Hapo ndipo dada yetu alipotwaa kalamu. Hakutulalamikia sana, wala hakutuomba tumwandikie mumewe. Alituuliza jambo moja tu: "Je, iko njia ya kujua kwa hakika kama mimi napoteza?"

Swali hilo lilitugusa, kwa kuwa twajua ni nyumba ngapi ambazo shaka huingia kwa mlango wa jikoni. Unga umeisha mapema, mafuta yamepungua, tokeni za umeme zimekatika kabla ya siku zake, na aliye karibu na jiko ndiye wa kwanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Israfu ni jambo tulilokatazwa, na dhana mbaya pia tumekatazwa. Basi anayetaka kuepukana na yote mawili hana budi kupima. Tulimjibu dada yetu kwamba njia iko, na kwamba imo ndani ya daftari la fizikia la binti yake mwenyewe, aliye kidato cha tatu.

Katika somo hilo jambo hili huitwa ufanisi. Mwenye kuteka lita 20 za maji kwa ndoo iliyotoboka, akafika nyumbani na lita 12, ufanisi wa safari yake ni 12 kwa 20, yaani asilimia 60. Zile lita 8 hazikuangamia. Zimo njiani, zimelowesha mchanga, ila hazitamfaa mwenye kiu. Nishati nayo ni vivyo hivyo. Haipotei ikawa si kitu. Hugeuka na kuhama tu. Moto wa jikoni hupasha sufuria, na wakati huo huo hupasha pia chuma cha jiko, ukuta, hewa, na uso wa mpishi. Ufanisi wa jiko ni sehemu ile iliyoingia chunguni, ikigawanywa kwa nishati yote iliyokuwamo katika kuni, makaa au gesi iliyoungua, kisha ikazidishwa kwa mia.

Ili kuhesabu twahitaji kipimo. Nishati hupimwa kwa jouli, jina litokalo kwa James Prescott Joule, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1818 katika nyumba ya mtengeneza pombe, akatumia miaka mingi ya umri wake kukoroga maji na kuyapima joto. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi huhitaji jouli 4,200. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, kila mwenye kopo la lita ana kipimo nyumbani kwake. Jouli milioni moja huitwa megajouli, nasi tutatumia hiyo, ili tarakimu zisitushinde.

Upande wa pili wa hesabu ni kile kinachoungua. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina takriban megajouli 46. Kilo moja ya makaa makavu ina takriban megajouli 29, na hupungua yakiwa na unyevu au vumbi jingi. Yuniti moja ya umeme ni megajouli 3.6 kamili. Kwa tarakimu hizi chache na mizani, mtu aweza kulihukumu jiko lolote.

Siku ya Jumamosi asubuhi tukaenda Chaani. Mwenye duka jirani alituazima mizani yake ya kupimia viazi, isomayo kwa gramu tano tano. Binti wa nyumba alikuwa na daftari na kalamu, na kipimajoto alichoazimwa. Bibi alikuwa ameketi ukumbini, tasbihi mkononi, akatukaribisha kwa chai na mahamri, kisha akasema:

"Wanangu, vitabu havijawahi kuivisha maharagwe."

Tukamjibu, "Kweli, mama. Ndiyo sababu twataka leo wewe uwe hakimu. Sisi tutapima tu."

Akacheka, akasogeza kiti chake hadi mlango wa jikoni.

Kazi tuliyojipa ilikuwa moja, ikirudiwa kwa majiko mbalimbali: kuchemsha lita tano za maji katika sufuria ile ile. Maji ya asubuhi ile yalikuwa na digrii 28. Hapa kwetu pwani, usawa wa bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka mapema zaidi, karibu na digrii 95. Kwa hiyo yetu yalipaswa kupanda digrii 72. Binti akaandika:

4,200 × 5 × 72 = 1,512,000

Yaani megajouli 1.51. Hiyo ndiyo sehemu ifaayo, na ni moja kwa kila jiko. Kinachobadilika ni gharama ya kuifikia.

Kwanza tulimwomba mama wa nyumba apike kama apikavyo kila siku. Akaweka sufuria wazi, akafungua gesi hadi mwisho. Moto ukapanda ukazunguka ubavu wa sufuria. Mtungi tuliupima kabla ya kuwasha, tukaupima tena baada ya maji kuchemka na vali kufungwa. Ulipungua gramu 80. Gramu 80 za gesi ni megajouli 3.68. Tukigawanya 1.51 kwa 3.68 twapata asilimia 41.

Mara ya pili, baada ya sufuria kupoa na maji mapya kutiwa, tukaweka mfuniko, tukateremsha moto hadi ndimi zake zikakaa chini ya kitako cha sufuria, zisitoke nje. Maji yalichelewa kidogo kuchemka, lakini mtungi ulipungua gramu 65 tu, ambazo ni megajouli 2.99. Ufanisi ukawa takriban asilimia 50. Twakiri kwamba mizani isomayo kwa gramu tano tano yaweza kutupotosha kwa asilimia chache juu au chini. Hata hivyo, gramu 15 ni tofauti kubwa kuliko kosa la mizani.

Mara ya tatu ilikuwa zamu ya bibi. Seredani yake ya bati ilikuwa bado iko uani. Aliyapanga makaa mwenyewe, akayawasha kwa kifuu cha nazi, akafunika sufuria bila kuambiwa. Maji yalipochemka, makaa yaliyobaki tukayatia katika mkebe wenye kifuniko yakafa kwa kukosa hewa, tukayapima na kuyatoa katika hesabu. Yaliyoungua yalikuwa gramu 260, sawa na megajouli 7.54. Ufanisi: asilimia 20.

Mara ya nne tukaazima kwa jirani jiko la udongo, lile lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Jiko hili lilianza kuenea Kenya mapema katika miaka ya 1980, na umbo lake limetokana na jiko la ndoo la Thailand, likarekebishwa na mafundi wetu wa bati na wafinyanzi. Siri yake ni ule udongo, ambao hauruhusu joto kupita haraka kama bati. Moto huzuiliwa ndani, nao hauna pa kwenda ila juu, kwenye sufuria. Makaa yaliyoungua yalikuwa gramu 170, yaani megajouli 4.93. Ufanisi: karibu asilimia 31. Kazi ni ile ile, mpishi ni yule yule, na theluthi ya makaa imebaki mkebeni.

Mwisho, binti akatuomba tujaribu birika la umeme, kwa kuwa hilo halihitaji mizani. Birika lao limeandikwa wati 2,000, maana yake latumia jouli 2,000 kila sekunde. Lita moja na nusu ya maji ilichukua sekunde 260. Nishati iliyoingia ni 2,000 × 260, yaani jouli 520,000. Iliyofaa ni 4,200 × 1.5 × 72, yaani 453,600. Ufanisi: asilimia 87. Sababu yake yaonekana wazi: waya umezama ndani ya maji yenyewe, na joto halina safari ya kwenda.

Hadi hapo bibi alikuwa ametabasamu kidogo na kununa kidogo. Seredani yake ilikuwa ya mwisho. Mkaza mwanawe naye aliinamisha kichwa, kwa kuwa asilimia 41 na asilimia 50 zilikuwa zimeandikwa pamoja, na kila mtu alijua ipi ilikuwa yake. Lakini swali tulilojia lilikuwa bado halijajibiwa. Je, anapoteza kuliko alivyopoteza mavyaa wake?

Tukamwomba bibi atuambie gunia lake la mwezi lilikuwa la kiasi gani. Magunia hayana kipimo kimoja, lakini alisema lilikuwa kama lile lililokuwa uani kwa jirani muuza makaa. Tukaenda tukalipima: kilo 30. Binti akapiga hesabu.

Gunia la kilo 30, kwa megajouli 29 kila kilo, ni megajouli 870. Kwa ufanisi wa asilimia 20, zilizoingia chunguni ni 174. Tukizigawa kwa siku 30, ni megajouli 5.8 kila siku.

Mtungi wa kilo 6, kwa megajouli 46 kila kilo, ni megajouli 276. Kwa ufanisi wa asilimia 41, zilizoingia chunguni ni 113. Tukizigawa kwa siku 18, ni megajouli 6.3 kila siku.

Jikoni pakawa kimya. Tarakimu mbili zile, 5.8 na 6.3, zilikuwa karibu kama mtu na nduguye. Wakati wa gunia nyumba ilikuwa na watu sita. Leo wako saba, kwa kuwa mtoto wa mwisho amezaliwa tangu hapo. Mkaza mwana alikuwa akipika chakula kile kile, kwa watu zaidi kidogo, kwa joto zaidi kidogo tu. Kilichokuwa tofauti ni chombo: gunia la makaa lilikuwa na nishati zaidi ya mara tatu ya mtungi, na sehemu nne kati ya tano za gunia hilo zilipasha hewa ya uani bila mtu kuziona. Hasara iliyozoeleka haihesabiwi. Mtungi mdogo, kwa kuwa huisha siku moja kwa ghafula na kumwacha mtu na wali mbichi, ndio unaozua maneno.

Bibi alinyoosha mkono akaichukua daftari, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi mtungi ndio mdogo. Si mkono wa mwanangu."

Halafu, akiirudisha, akaongeza: "Lakini mfuniko haweki."

Tukacheka sote, na mkaza mwana akacheka kuliko wote. Tena ilikuwa kweli. Angeliweka mfuniko na kuupunguza moto, mtungi ule ule kwa mapishi yale yale ungelimfikisha siku ya 22. Siku nne si haba kwa mwenye kuhesabu siku za mshahara.

Hapa twataka kueleza sababu, ili mtu asichukue mfuniko kama desturi tu. Maji yakishachemka hayazidi digrii 100, hata ukiyawashia tanuri. Moto mkubwa baada ya hapo hauivishi chakula upesi zaidi. Wayageuza maji kuwa mvuke tu, na kila gramu moja ya maji inayotoka kwa mvuke huchukua jouli 2,260. Gramu 100 za mvuke zikipotea, zimeondoka na jouli 226,000, joto ambalo lingetosha kuchemsha vikombe vitatu vya chai. Mfuniko huyarudisha chini. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: moto mkubwa hadi kuchemka, kisha moto mdogo kiasi cha kufidia tu joto linalotoka ubavuni mwa sufuria.

Bibi aliposikia hayo alisema kwamba hilo si geni kwake. Pojo zake za zamani alikuwa akizichemsha, kisha akaiepua sufuria na kuizungushia blanketi kuukuu ndani ya kikapu, akaenda zake kuswali, akirudi zimeiva. Hakujua kwamba huo ndio ufanisi. Baada ya kuepua, moto hautumiki kabisa, na joto lililokwisha kulipiwa laendelea na kazi. Tulimwomba amfundishe mjukuu wake. Tahadhari moja tu: maharagwe mekundu yasiingizwe kikapuni kabla ya kuchemka sana kwa dakika kumi au zaidi, kwa kuwa yana sumu isiyovunjika ila kwa mchemko. Na nafaka ngumu zilowekwe usiku kucha. Maji ya baridi hufanya bure sehemu ya kazi ambayo moto huifanya kwa malipo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko mume anakotazama. Ufanisi peke yake hausemi ni jiko gani lililo rahisi. Hadi uunganishwe na bei. Kanuni ni hii: chukua bei uliyolipa, igawanye kwa megajouli zilizoingia chunguni. Kwa mfano tu, na kila msomaji aweke bei ya mtaani kwake, tuseme mtungi wa kilo sita ni shilingi 1,200, gunia la kilo 30 ni shilingi 1,800, na yuniti ya umeme ni shilingi 28.

Gesi bila mfuniko: 1,200 kwa 113, shilingi 10.60 kwa kila megajouli iliyofaa. Gesi kwa mfuniko na moto mdogo: 1,200 kwa 138, shilingi 8.70. Makaa katika seredani ya bati: 1,800 kwa 174, shilingi 10.30. Makaa yale yale katika jiko la udongo: 1,800 kwa 267, shilingi 6.70. Birika la umeme: yuniti moja hutoa megajouli 3.13 zilizofaa, kwa hiyo ni shilingi 8.90.

Tazameni vizuri. Birika lenye asilimia 87 halikuwa rahisi kuliko jiko la asilimia 31, kwa kuwa umeme wenyewe hununuliwa ghali. Na gesi, kwa mpishi yule yule, yaweza kuwa ghali kuliko seredani au rahisi kuliko seredani, kwa sababu ya mfuniko tu. Anayesema "gesi ni ghali" au "makaa ni rahisi" bila kutaja jiko gani na mkono gani, bado hajasema neno.

Je, basi tuwashauri akina mama warudi kwenye makaa, wanunue jiko la udongo na wamalize? Hapana, na hapa ndipo tunapoomba uangalifu. Hesabu hujibu swali uliloiuliza, wala haijibu usilouliza. Sisi tumeuliza joto lililoingia chunguni kwa shilingi. Hatukuuliza kuhusu kifua cha mpishi. Jiko la udongo limeboresha namna joto linavyofika kwenye sufuria, lakini makaa yake bado hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huziba nafasi ya oksijeni katika damu na yaweza kuua waliolala. Makaa yapikiwe mahali penye upepo, na jiko lenye moto lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata usiku wa mvua za masika. Shilingi mbili za megajouli hazilipi uhai wa mtoto.

Tena hatukuuliza nishati ile ilitoka wapi kabla ya kufika mlangoni. Sisi watu wa Changamwe twapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 kilikuwa jirani yetu hadi kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013; bomba la mafuta liendalo Nairobi tangu mwaka 1978 laanzia kwetu; na pale Kipevu mitambo ya mafuta mazito hunguruma umeme unapohitajika, ukiwamo ule wa Kipevu III ulioanza mwaka 2011 wenye uwezo wa megawati 120. Mashine kubwa za dizeli kama hizo hugeuza kuwa umeme takriban sehemu 40 kati ya 100 za nishati ya mafuta. Zilizobaki hutoka kwa moshi na maji ya kupoza. Kisha katika miaka ya karibuni zaidi ya tano moja ya umeme wa nchi imekuwa ikipotea kabla ya kulipiwa, nyingine katika nyaya na nyingine kwa wizi. Hatua zikifuatana, ufanisi wake huzidishwa, haujumlishwi: 0.40 kwa 0.78 kwa 0.87 ni 0.27. Birika la asilimia 87, likiwa latumia umeme wa mafuta, limefikisha kwenye chai asilimia 27 tu ya kilichoungua. Bahati njema, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya leo yatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa maporomoko ya maji na kwa upepo wa Turkana, na hapo hesabu ya mafuta haipo.

Makaa nayo yana safari yake. Katika tanuri la udongo la porini, kilo kumi za kuni huweza kutoa kilo moja na nusu tu ya makaa. Kuni hizo zilikuwa na takriban megajouli 160. Makaa yaliyotoka yana kama 43. Asilimia 27 ndiyo iliyosalimika, kabla hata gunia halijapakiwa. Zidisha kwa 0.31 ya jiko la udongo, utapata asilimia 8 ya mti. Zidisha kwa 0.20 ya seredani, utapata asilimia 5. Gunia laonekana rahisi kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama yake imelipwa na msitu, nao hauandikiwi risiti.

Kwa msomaji atakaye kujaribu nyumbani, utaratibu ni huu. Pima maji kwa lita na joto lake la kuanzia. Ukikosa kipimajoto, maji ya mtungini hapa kwetu huwa baina ya digrii 26 na 30, nawe utakosea kidogo tu. Pima kinachoungua kabla na baada, jiko likiwa limezimwa na vali imefungwa. Rudia kwa sufuria ile ile, ili upime jambo moja kwa wakati mmoja. Na ununuapo mtungi mpya, soma uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa juu yake, uupime ukiwa umejaa, utoe. Tofauti ndiyo gesi uliyoilipia. Nusu kilo ikipungua hapo, ni siku moja na nusu ya mapishi iliyopotea kabla hujawasha kiberiti, na hakuna mpishi awezaye kuirudisha.

Tulipoaga, binti alikuwa ameinakili hesabu yote kwa hati safi katika karatasi moja, akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo baba yake angeiona akija kunywa maji. Hatukuwapo alipoisoma. Lakini wiki iliyofuata dada yetu alituletea salamu kwamba mume ameleta sufuria mpya yenye mfuniko wake, na kwamba hakusema neno ila, "Samahani kwa lile swali."

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi baada ya ziara ile tumeona kwamba hata mapenzi ya nyumbani yaweza kupotea kwa kukosa daftari. Alama ya mchana mmoja katika karatasi ya shule ilimwondolea mtu tuhuma aliyoibeba kwa miezi, ikamwonyesha pia kosa lake la kweli, ambalo lilikuwa dogo na lenye dawa. Mwenye kupima humfanyia uadilifu mwenziwe, na hujifanyia mwenyewe.

Twamwomba Mola azitie baraka nyumba zetu na vyakula vyetu, na atuepushe na israfu na dhana mbaya.